Bati, sufuria na shaba: shajara ya kutengeneza ngozi za metali kwa GIMP

7 Juni 2025: Kazi yenyewe

Rafiki yangu anatengeneza katuni fupi ya kompyuta kuhusu kijiji cha wavuvi kwenye pwani ya Tanga. Nyumba zimesimama, mitumbwi ipo, watu wanatembea. Kinachokosekana ni ngozi, yaani zile picha za uso wa kitu zinazovalishwa juu ya umbo ili ukuta uwe ukuta na chuma kiwe chuma. Kaniomba tatu za metali: bati la paa lililoliwa na chumvi ya bahari, sufuria ya alumini iliyopikiwa miaka, na misumari ya shaba ya kasha la kizamani.

Za kupakua bure zipo tele, tulizipitia jioni nzima. Kutu nyingi ni za kuta za meli na mapipa ya mafuta, na mabati yake yana migongo ya pembe. Bati letu la mawimbi ya duara, lenye msumari wa kofia na mchirizi wa kutu chini yake, hatukulipata. Nataka mtoto wa Tanga akiliona paa hilo kwenye skrini alijue mara moja. Naandika kila hatua, na fedha iliyotoka, ili mwenye kazi kama hii aanzie nilipofika.

Vifaa vya kuanzia: laptop yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4, simu ya kupigia picha, na GIMP 2.10. GIMP ni programu ya kuhariri picha, na ni ya bure. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na hadi leo inaendelezwa na watu wanaojitolea. Majina ya menyu nayaandika kama yanavyoonekana kwenye skrini, maana ndivyo utakavyoyatafuta.

8 Juni: Chuma cha pua, kwa mazoezi

Nilianza na somo ambalo kila mtu huanza nalo, stenlesi yenye mikwaruzo laini ya upande mmoja. Fungua picha ya kijivu, mwaga chenga kwa RGB Noise, zivute kwa Linear Motion Blur, kisha kaza tofauti ya mwanga na giza kwa Curves. Ni kazi ya dakika tano. Mimi ilinichukua saa tatu.

Kwanza chenga zilitoka na rangi. Nilipozivuta zikawa nyuzi nyekundu, kijani na bluu, kama kikoi. Kuna kisanduku kinaitwa Independent RGB; kikiwa na tiki, kila rangi inapata chenga zake peke yake. Ondoa tiki, chenga zitatoka za kijivu.

Kisha zikaja kingo. Kichujio, yaani amri ya kubadili picha kama huo mvuto, kikifika mwisho wa picha hakina tena cha kuvuta, kwa hiyo hurefusha nukta (pikseli) ya mwisho, na kushoto na kulia kukabaki michirizi minene. Nilihitaji upana wa nukta 2048. Nikatengeneza picha ya 2600, nikavuta kwa urefu wa 200, halafu nikakata pande zote mbili.

Hata hivyo ilibaki kadibodi yenye mistari. Nikachukua kijiko jikoni nikakigeuza taratibu mbele ya dirisha. Kwenye kijiko niliona dirisha, ukuta, na shati langu. Kijivu nilichokuwa nakitafuta hakikuwepo. Kwenye mbao au nguo, mwanga huingia kidogo ndani, ukatawanyika, ukatoka na rangi ya kitu hicho. Metali huurudisha pale pale usoni. Kwa hiyo ukichora metali bila kuchora kinachoangaliana nayo, umechora rangi ya kijivu tu.

Nikaongeza leya ya mng'ao, yaani tabaka la picha linalolala juu ya jingine: weupe, giza, weupe, vikifuatana polepole, kwa modi ya Overlay, inayolichanganya na la chini yake. Mara ya kwanza niliulaza mng'ao sambamba na mikwaruzo, ikaonekana mbao iliyopigwa randa. Kijiko kikanirekebisha tena: mikwaruzo ikilala, mng'ao husimama. Nilipougeuza nyuzi 90, chuma kikatokea. Sijawahi kufurahia leya moja kiasi kile.

14 Juni: Sufuria

Kitako cha sufuria mpya ya alumini kina mistari ya duara, kwa hiyo hapa ni Circular Motion Blur badala ya ule wa mstari. Mng'ao nao hubadilika: kwa kuwa mistari inazunguka, mwanga hutoka katikati kwenda ukingoni, ukafanya mabawa mawili yanayokutana kwenye kitovu. Kwenye chombo cha Gradient kuna umbo linaitwa Conical (symmetric). Vuta kutoka katikati, ikakupa mabawa hayo bila kuhangaika. Hatua zote nilimaliza ndani ya saa moja.

Tatizo ni kwamba ilikuwa sufuria ya dukani. Kijijini kwenye katuni hakuna sufuria ya dukani. Zote zimesuguliwa kwa mchanga na stilwaya tangu mtoto wa nyumba hajazaliwa. Nilikaa na sufuria ya mama nikaichunguza juani. Mikwaruzo ya mkono ni mifupi na imepinda kidogo, kila mmoja una upinde wa kiwiko kinavyozunguka, nayo inapishana. Hakuna kichujio nilichokijua cha kutoa hiyo. Nikaichora kwa mkono kwa brashi ya nukta moja, michoro mia tatu hivi kwenye leya tatu tofauti, nyingine za mwanga na nyingine za giza. Ilikuwa kazi ya jioni mbili, na sijutii hata dakika moja. Hapo ndipo sufuria ilipopata mwenyewe.

Kosa lilikuwa kwenye masizi. Niliyapaka juu ya rangi ya alumini lakini chini ya leya ya mng'ao, matokeo yake masizi yakang'aa kama lami iliyolowa. Masizi ni vumbi la kaboni, yanakunywa mwanga. Nikayapandisha juu kabisa, juu ya mng'ao, kwa modi ya Multiply, inayotia giza kilicho chini, na kingo zake nikazitafuna kwa kifutio chenye chenga ili zipande ubavuni bila mpangilio. Utaratibu huo umebaki kwa kila ngozi iliyofuata: matope, kutu, mafuta na kinyesi cha kunguru vyote vinakaa juu ya mng'ao.

22 Juni: Wimbi la bati

Nilipima paa letu la jikoni: mgongo hadi mgongo ni milimita 76, yaani inchi 3. Nikaamua picha ya nukta 2048 ibebe mawimbi 10. Nikachora wimbi moja la nukta 205, nikalinakili mara kumi, nikapata 2050. Zile nukta mbili za ziada nikazikata bila kufikiri. Rafiki alipozipanga picha mbili ubavu kwa ubavu, mstari mwembamba ulipasua paa kutoka juu hadi chini.

2048 haigawanyiki kwa 10. Inagawanyika kwa 8, na kila wimbi linapata nukta 256 kamili, sawa na milimita 608 za bati halisi. Nilifuta kila kitu nikaanza upya na mawimbi 8. Ukitengeneza kitu chochote chenye mpangilio unaojirudia, fanya hesabu hiyo kabla ya kugusa brashi.

Kivuli nacho nilikikosea. Nilipaka migongo myeupe na mabonde meusi, kama mtu anavyochora bati kwa penseli. Nikapanda ngazi saa kumi jioni kuangalia. Jua likiwa upande mmoja, mteremko unaolitazama ndio wenye mwanga, na mteremko wa pili ndio wenye giza. Mgongo na bonde vyote viko katikati. Nilisogeza mwanga kwa robo wimbi, nukta 64, na bati likatuna.

Kwa bati jipya nilitengeneza pia maua ya zinki, yale madoa ya fuwele yanayoonekana kwenye bati likitoka dukani. Cell Noise, weka tiki kwenye Palettize ili kila chumba kipate rangi yake, ondoa rangi zote zibaki kijivu, halafu punguza nguvu ya leya hadi asilimia 7. Kwenye bati la zamani usiyaweke, hufifia.

28 Juni: "Nyumba hii itavuja"

Siku hii niiandike kwa kirefu, maana ilibadilisha kazi yote.

Nilikuwa nimepanga misumari kwenye mabonde. Kwa macho yangu ilipendeza, kofia zilikaa vizuri kwenye kivuli, na michirizi ya kutu ilishuka wima chini ya kila msumari. Jirani yetu ni fundi wa paa, mtu mzima, na alikuja kuchaji simu. Nikamwonyesha kwa fahari.

Aliangalia kidogo akasema, "Mwanangu, nyumba hii itavuja."

"Kwa nini, fundi?"

"Maji yanapita wapi?"

Yanapita bondeni. Msumari hupigwa mgongoni ili tundu lake likae juu ya maji. Nimelala chini ya mabati tangu utotoni na sikuwa nimeliona hilo. Akanieleza mengine bila kuulizwa: kutu huanza kwenye tundu la msumari na kwenye ukingo uliokatwa kwa mkasi, kwa sababu pale chuma kiko wazi; huanza pia pale bati moja linapolalia jingine, kwa sababu maji hunasa katikati yasikauke; na bati linaloelekea baharini hufa kabla ya mwenzake wa upande wa pili wa paa moja.

Nilihamisha misumari yote migongoni. Michirizi nayo ikabadilika: inaanzia kwenye kofia, inateleza kidogo kwenye ubavu wa wimbi hadi bondeni, ndipo inashuka moja kwa moja. Mkunjo ule mdogo wa kuanguka bondeni ndio uliolifanya bati kuwa la kweli, na ulitoka kwa mtu ambaye hajawahi kufungua programu ya picha. Jina lake nitaomba liwekwe mwishoni mwa katuni, akikubali.

12 Julai: Chumvi kwenye bati

Nilitaka picha za kutu halisi za kuchukulia rangi. Nikapata kipande cha bati jipya kwa jirani, bure, nikakinyunyizia maji ya chumvi asubuhi na jioni kwa siku kumi. Kutu nyekundu haikutoka hata punje. Kulitokea unga mweupe wa madoadoa.

Sababu ni zinki. Bati limechovywa zinki, na zinki hukubali kuliwa kwanza ili chuma kilichoko chini kisalimike, hata penye mkwaruzo mdogo. Unga mweupe ndio kutu ya zinki yenyewe. Siku kumi hazikupotea, kwa kuwa sasa nilijua hatua niliyoiruka: bati la pwani hufifia, hutoa weupe wa unga, ndipo rangi ya chungwa hutokeza penye matundu na kingo, na mwisho kabisa hudhurungi iliyokaribia weusi. Hatua zote nne zinaweza kuonekana kwenye bati moja kwa wakati mmoja. Kutu ya kupakua huwa na hatua mbili za mwisho tu.

Kwa kutu nyekundu nilinunua kipande cha chuma kitupu kisichochovywa, shilingi 3,000, nikakisugua kwa msasa namba 80, nikakipaka siki na chumvi. Siku iliyofuata kilikuwa cha chungwa. Picha za kwanza nilizipiga saa saba mchana na zote nimezifuta: vivuli vikali vya jua vilikuwa vimegandia ndani ya picha, na vingegombana na taa za katuni. Nilisubiri wingu zito, nikapiga tena bila flashi.

Kuijenga kutu kwenye GIMP: Solid Noise kwenye leya, Levels hadi ibaki mabaka meusi na meupe, na hayo mabaka nikayafanya barakoa ya leya ya kutu, yaani kifuniko kinachosema leya ionekane wapi na ifichwe wapi. Kufika hapo bati lilikuwa na surua, mabaka kila mahali kwa usawa. Nikachora barakoa ya pili kwa mkono, nikifuata maneno ya fundi: tundu, ukingo, makutano ya mabati, njia ya maji. Barakoa ya kwanza nikaizidisha kwa ya pili kwa modi ya Multiply. Mashine inatoa ukorofi wa kingo, mkono unasema kutu iende wapi.

Bado kulikuwa na kitu kinanikera na kilinichukua siku mbili kukijua. Magamba ya kutu niliyainua kwa Bump Map, na kichujio hicho huja kikiwa na mwanga wa juu kushoto, Azimuth 135. Mawimbi yangu yana mwanga wa kulia. Jicho linakataa hata kama mtu hajui kwa nini. Niliweka 45, ugomvi ukaisha.

19 Julai: Laptop imekwama

Kwenye televisheni ya rafiki, mng'ao wa sufuria ulionyesha ngazi: mikanda badala ya mteremko laini. Nilikuwa nikifanya kazi kwa biti 8, ambapo kila rangi ina daraja 256 tu, na mteremko mrefu wa kijivu unazimaliza haraka. Nikaenda Image, Precision, nikachagua biti 32. Nikapandisha na ukubwa hadi 4096 kwa 4096, ili nisirudi tena.

Hesabu nilipaswa kuifanya kabla. Nukta 4096 mara 4096, kila nukta baiti 16, ni MB 256 kwa leya moja. Nilikuwa na leya 12, ambazo ni GB 3 kwenye laptop yenye GB 4. Ilikwama, nikaizima kwa nguvu, na kazi ya jioni nzima ikapotea.

Nilirudi kwenye 2048 na biti 16, ambapo leya ni MB 32 tu, na ngazi hazikuonekana tena. Kisha nikanunua RAM iliyotumika ya GB 8 kwa shilingi 45,000. Ndiyo gharama kubwa kuliko zote, na ukifuata vipimo vyangu vya 2048 huenda usiihitaji.

Wakati huo huo nilihamia GIMP 3.0, iliyotoka Machi mwaka huu. Faida yake kwa kazi hii ni kubwa: vichujio vingi hubaki hai juu ya leya, unaweza kurudi wiki mbili baadaye ukabadilisha urefu wa mvuto au Azimuth bila kuanza upya. Ningekuwa nayo Juni, lile bati la mwanga wa kushoto ningelirekebisha kwa sekunde. Ila angalia jambo moja: faili niliyoihifadhi kwa 3.0 ilikataa kufunguka kwenye laptop ya rafiki yenye 2.10. Naye amehamia.

2 Agosti: Kasha la bibi

Nimekwenda Pangani. Bibi ana kasha la mbao lililopigwa misumari ya shaba ya manjano, alilokuja nalo alipoolewa.

"Shikamoo bibi. Naomba nilipige picha kasha lako."

"Marahaba mjukuu wangu. Ngoja basi nilisugue kwanza."

Nilimwahi. Husugua kwa ndimu na majivu kila Idi inapokaribia, na nilichokitaka ni alama za miaka hiyo yote ya kusugua. Kila msumari una kichwa kama nusu ya limau. Kileleni panang'aa kwa sababu kitambaa hufika. Shingoni, pale shaba inapokutana na mbao, kuna weusi na uzi mwembamba wa kijani ambao kitambaa hakijaufikia hata siku moja.

Nyumbani nilichukua leya zangu za chuma nikazimwagia manjano kwa Overlay. Ilitoka plastiki, kitu cha kuchezea watoto. Nilihangaika na manjano ya aina nyingi kabla sijarudi kwenye picha za bibi na kukuza ile sehemu inayong'aa zaidi. Mng'ao wenyewe ni wa manjano. Kwenye plastiki mng'ao hubaki mweupe, rangi iko chini yake. Shaba na dhahabu huupaka rangi mwanga wenyewe unaporudi. Kwa hiyo leya ya mng'ao nayo lazima ipate rangi. Watengenezaji wa michezo ya kompyuta hutumia takriban 255, 226, 155 kwa dhahabu na 250, 209, 194 kwa shaba nyekundu; ya manjano nilichukua moja kwa moja kwenye picha. Hapo kasha lilitulia.

Weusi wa shingoni nimeuweka juu ya mng'ao, kama masizi. Kijani ni kidogo sana, nguvu ya leya asilimia 20. Nikizidisha, linakuwa kasha lililozama baharini.

16 Agosti: Kukabidhi

Picha ya kwanza ya kijiji kizima ilionyesha doa moja kubwa la kutu, lenye umbo la kiatu, likijirudia kwenye kila paa kila baada ya sentimita 60. Kila doa linalovuta jicho nimeliondoa kwenye ngozi ya msingi kwa Offset ya nusu upana na nusu urefu, kisha chombo cha Heal kwenye maungio. Madoa makubwa sasa ni faili za pembeni, rafiki anayabandika paa kwa paa, mengi upande wa bahari, machache upande wa bara.

Fedha iliyotoka: chuma kitupu 3,000, msasa 1,500, siki na chumvi 2,500, bando la kupakulia 5,000, nauli ya Pangani kwenda na kurudi 12,000, RAM 45,000. Jumla shilingi 69,000.

Zimekabidhiwa ngozi tano: bati jipya, bati la upande wa bara, bati la upande wa bahari, sufuria, na shaba. Jana rafiki ameuliza kama kuna uwezekano wa nanga. Leo asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, nilishuka ufukweni na simu. Kulikuwa na nanga mbili mchangani, na wingu lilikuwa zito vya kutosha.